Ukoo wa Shimazu katika Mchezo na katika Historia

Wakati wa likizo iliyopita, mimi na mwenzangu tunayeishi naye chumba kimoja hapa Kampala tulianza kucheza mchezo wa kompyuta uitwao Total War: Shogun 2. Mchezo huo ulitolewa mwaka 2011. Unamrudisha mchezaji katika Japani ya mwaka 1545, enzi inayoitwa Sengoku, wakati nchi nzima ilikuwa vitani. Shogun alikuwa na cheo tu. Nguvu zilikuwa mikononi mwa mabwana wa mikoa, walioitwa daimyo, kila mmoja na jeshi lake la samurai. Mchezaji huchagua ukoo mmoja na kuuongoza hadi autwae mji wa Kyoto. Mimi nilichagua Shimazu wa Satsuma, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, na nilishindwa mara nne. Insha hii inaeleza jinsi ukoo huo unavyofaa kuchezwa, na kwa nini nadhani waliotengeneza mchezo wamewaelewa Shimazu nusu tu.

Faida yao ya kwanza ni mahali walipo. Satsuma iko kwenye kona ya nchi, nyuma yake ni bahari. Anayechagua ukoo wa katikati, kama Oda, huzungukwa na maadui tangu zamu ya kwanza. Shimazu wanaweza kupanda kaskazini polepole, mkoa baada ya mkoa, bila kuogopa kuchomwa mgongoni. Kosa langu la mara mbili za mwanzo lilikuwa kuvuka bahari mapema kuelekea Kyoto huku nusu ya Kyushu ikiwa bado ya wengine. Historia inamkanya mchezaji wa namna hiyo. Shimazu Takahisa alitumia miaka mingi kuiweka Satsuma yenyewe chini ya mkono mmoja, maana hata jamaa wa ukoo wake walimpinga. Wanawe wanne, Yoshihisa, Yoshihiro, Toshihisa na Iehisa, ndio waliotoka nje na kukiteka karibu kisiwa chote.

Mchezo unawapa Shimazu samurai wa upanga walio bora na wa bei nafuu kuliko wa koo nyingine. Ukitaka kushinda, watumie hao. Lakini hapa nina ugomvi na mchezo, kwa sababu sifa ya Shimazu inapaswa kuwa bunduki. Kisiwa cha Tanegashima, ambako Wareno walifika na bunduki mwaka 1543, kilikuwa chini ya ushawishi wao, nao ni miongoni mwa wa kwanza kuzitumia vitani. (Hao ndio Wareno walewale waliokuwa wameiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Huku kwetu walikuja na mizinga, kule walikuja kuuza.) Mwaka 1549 padri Francis Xavier alishuka Kagoshima na Takahisa akampokea vizuri, akitumaini kwamba meli za biashara zingemfuata padri. Zilipokwenda bandari nyingine, alipiga marufuku watu wake kubatizwa. Katika mchezo mambo hayo yamefungwa pamoja: ukijenga bandari ya Wareno, Ukristo unaenea, na wananchi wanaoshika dini ya Kibudha wanaanza kunung'unika. Hilo nadhani wamelipata sawasawa.

Jambo ninalopenda kuliko yote ni mbinu iitwayo tsurinobuse. Kikosi cha katikati kinapigana kidogo, halafu kinageuka na kukimbia kama kilichoshindwa. Adui akikifuata kwa furaha, vikosi viwili vilivyojificha kulia na kushoto vinatoka, na wale waliokuwa wakikimbia wanageuka tena. Mwaka 1572 huko Kizakibaru, inasimuliwa kwamba Yoshihiro aliwashinda askari wapatao 3,000 wa ukoo wa Ito akiwa na watu 300 hivi. Mwaka 1578 penye mto Mimi ndugu hao walilivunja jeshi la Otomo, na mwaka 1584 Okitanawate wakamuua Ryuzoji Takanobu, aliyekuja na watu wengi kuliko wao. Mbinu hii inawezekana katika mchezo. Waweke askari wa mikuki wa bei rahisi katikati, wafiche samurai wa upanga msituni pande mbili, kisha warudishe wale wa mikuki kabla hawajavunjika moyo. Ugumu uko hapo. Ukichelewa kidogo tu, kukimbia kwa uongo kunakuwa kukimbia kwa kweli. Nilipoteza jenerali wawili nikijifunza.

Sasa nije kwenye kile kilichonishinda mara ya tatu na ya nne. Ukoo wako ukishakuwa maarufu sana, mchezo unatangaza mgawanyiko wa nchi: karibu koo zote, hata za marafiki zako, zinakugeukia. Wachezaji wengi hujiandaa kwa kuweka akiba ya fedha na majeshi mawili matatu kamili kabla ya kuvuka mpaka huo. Shimazu wa kweli walikutana na jambo la kufanana nalo. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi aliingia Kyushu na watu zaidi ya 200,000. Yoshihisa alirudi nyuma hadi Satsuma, akanyoa nywele kama mtawa na kujisalimisha. Aliachiwa Satsuma, Osumi na sehemu ya Hyuga. Ndugu yake Toshihisa hakuridhika, na mwaka 1592 Hideyoshi alipotaka auawe, Yoshihisa ndiye aliyelazimika kupeleka jeshi. Katika mchezo majenerali wa Shimazu wana alama ya ziada ya uaminifu. Kila nikiiona alama hiyo namkumbuka Toshihisa.

Mwaka 1600 walishindwa tena. Yoshihiro alikuwa Sekigahara na watu kama 1,500, upande ulioanguka. Badala ya kukimbilia nyuma alipita mbele, katikati ya jeshi la Tokugawa, huku vikundi vya watu wake vikibaki njiani kupigana mpaka kufa ili yeye apite. Waliofika nyumbani hawakuzidi 80 hivi. Hata hivyo, baada ya mazungumzo ya karibu miaka miwili, Tokugawa Ieyasu aliwaachia nchi yao. Ukoo ulioshindwa mara mbili namna hiyo ulikuwa bado Satsuma mwaka 1868, watu wake wakiwa miongoni mwa walioung'oa utawala wa Tokugawa.

Mwenzangu anasema ninauonea mchezo, kwa kuwa hakuna atakayenunua mchezo wa kunyoa nywele na kusubiri miaka 268. Nimekubali. Ila mara ya tano nilijaribu: nikaishika Kyushu yote, nikafanya amani na kila aliyekubali, nikajenga mashamba na bandari, sikuvuka bahari. Watu wangu walishiba, hazina ikajaa, hakuna ngome iliyoanguka. Muda ulipokwisha, mchezo uliniandikia kwamba nimeshindwa.