Nafasi ya Fikra katika Kujisalimisha kwa Mungu: Mjadala wa Wanazuoni wa Srivaishnava Kusini mwa India

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu dini ya Kihindu, kujisalimisha kwa Mungu huelezwa kana kwamba ni kinyume cha kufikiri: mja huweka kando hoja zake na kujitupa miguuni pa Mola wake. Mtazamo huo umepewa nguvu na mfano mmoja mashuhuri unaohusu madhehebu ya Srivaishnava, waabudu Vishnu wa nchi ya Watamili. Husemwa kwamba kwa kundi la Vadakalai, mja ni kama kitoto cha tumbili, ambacho hung'ang'ania tumbo la mama yake kwa nguvu zake chenyewe. Kwa kundi la Tenkalai, mja ni kama kitoto cha paka, ambacho hubebwa na mama kwa meno bila chenyewe kufanya lolote.

Makala haya yanadai kuwa mfano huo, ingawa hurahisisha kukumbuka tofauti za makundi hayo, unaficha kiini cha mjadala wao. Pande zote mbili ziliipa fikra nafasi. Walilogombania ni fikra ipi inayostahili kuitwa kujisalimisha, na iwapo fikra hiyo ni tendo la mja au ni utambuzi tu.

2.0 Urithi wa Ramanuja

Chimbuko la mjadala ni mafundisho ya Ramanuja, aliyeongoza jumuiya ya hekalu la Srirangam, katika kisiwa cha mto Kaveri, kati ya karne ya 11 na ya 12. Katika Sri Bhashya, ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, bhakti imeelezwa kuwa ni tafakuri ya kudumu: kumkumbuka Mungu bila kukoma, mithili ya mafuta yanayomiminika pasipo kukatika, hadi kumbukumbu hiyo ipate uwazi unaokaribia kuona kwa macho. Kwa maelezo hayo, fikra ndiyo ibada yenyewe.

Hata hivyo, mlango wa njia hiyo ulikuwa mwembamba. Ilihitaji elimu ya Veda, na kwa kanuni za jamii ya wakati huo elimu hiyo ilikuwa haki ya wanaume wa matabaka matatu ya juu. Wanawake na watu wa tabaka la Shudra walibaki nje. Papo hapo, jumuiya iyo hiyo ilizitukuza tungo za Kitamili za Alvar, washairi watakatifu 12. Miongoni mwao alikuwamo Nammalvar, ambaye mapokeo humhesabu kuwa Shudra, na Andal, mwanamke. Ikiwa hao walimfikia Mungu, walipita njia gani? Jibu lilikuwa prapatti, yaani kujisalimisha. Ramanuja hunasibishwa na Saranagati Gadya, utungo wa kujisalimisha, ingawa baadhi ya watafiti wametilia shaka unasibisho huo. Kwa kuwa uhusiano wa tafakuri na kujisalimisha haukufafanuliwa kikamilifu, kila upande baadaye uliweza kujiita mrithi wake halali.

3.0 Tendo au Utambuzi?

Pillai Lokacharya wa Srirangam aliandika Srivacana Bhushana kwa manipravala, lugha iliyochanganya Kitamili na Kisanskriti. Anashikilia kwamba kujisalimisha hakufungwi na mahali, wakati wala sifa za mtu, na anakemea tabia ya kumpima mja wa Vishnu kwa kuzaliwa kwake. Zaidi ya hayo, anakataa kuwa kujisalimisha ni njia ya wokovu, kwa kuwa njia ni Mungu peke yake. Mja akihesabu kujisalimisha kwake kuwa sababu ya kuokolewa, amekwisha kukugeuza bei. Linalobaki kwake ni kutambua kwamba tangu asili yeye ni milki ya Mungu, na kuacha kuizuia neema. Hivyo kitoto cha paka kina jambo moja ambalo mfano hauonyeshi: kinajua ni cha nani.

Vedanta Desika, ambaye mapokeo humpa miaka 1268–1369 na ambaye asili yake ni Kanchipuram, alijibu suala hilo katika Rahasyatrayasara. Kwake, kujisalimisha ni tendo linalofanywa mara moja, nalo lina viungo vyake: nia ya kutenda yanayompendeza Mungu, kuepuka yanayomchukiza, kukiri unyonge, imani kuu, kuomba ulinzi, na hatimaye kuikabidhi nafsi. Hoja yake nzito inahusu haki. Ikiwa hakuna chochote upande wa mja, kwa nini huyu aokolewe leo na yule abaki? Ama Mungu ana upendeleo, ama wote wangekwisha kuokolewa. Kwa hiyo anatetea vyaja, yaani kisingizio kidogo kinachompa Mungu nafasi ya kuokoa, ingawa hakilingani kwa thamani na kile kinachotolewa. Naye pia alikubali kwamba mlango wa prapatti uko wazi kwa matabaka yote.

4.0 Mjadala Kugeuka Mpaka

Hoja hizo zilijengwa katika nyakati za misukosuko. Majeshi ya Delhi yalifika kusini mwaka 1311, na mwaka 1323 Srirangam ilivamiwa. Mapokeo husimulia kuwa Lokacharya, akiwa mzee, aliongoza kundi lililoitorosha sanamu ya hekalu, akafia safarini. Sanamu ilirejeshwa mwaka 1371, chini ya utawala wa Vijayanagara. Manavala Mamuni (1370–1443) aliyafafanua maandishi ya Lokacharya, na Tenkalai wakamfanya mwalimu wao mkuu.

Mgawanyiko kamili ulikomaa karne kadhaa baadaye, pale tofauti za mafundisho zilipoungana na ushindani wa kusimamia mahekalu. Alama ya paji la uso, utaratibu wa kughani tungo na heshima za hekaluni vikawa mambo ya kushtakiana, hata mbele ya mahakama za kikoloni. Katika mazingira hayo, mfano wa tumbili na paka ulitosha kumtambulisha mtu, bila kumlazimu kujua Lokacharya na Desika walibishania nini.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba kujisalimisha hakukuihitimisha kazi ya fikra katika mapokeo ya Srivaishnava. Desika alihofia Mungu asiye na haki. Lokacharya alihofia mja anayejivunia hata unyenyekevu wake. Hofu zote mbili zilizaliwa na swali la awali: wale walionyimwa Veda wangeokokaje? Mtafiti anayeanza na mfano wa wanyama hukuta makundi mawili tu, ilhali anayeanza na swali hilo hukuta majibu mawili yenye kuhojiana.