Kolibri: kusakinisha programu na masomo yake

Kolibri ni programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti. Imeandikwa kwa lugha ya Python, na ilitolewa mwaka 2017 na Learning Equality, shirika la Marekani lililoanza na KA Lite mwaka 2012. Kuisakinisha ni kazi ya hatua mbili: kwanza kifurushi, kisha masomo. Ya pili ndiyo nzito.

Kifurushi huletwa kwa amri ya `pip install kolibri`, na ni vyema iendeshwe ndani ya mazingira pepe ya Python ili kisigongane na programu nyingine. Amri ya `kolibri start` huiwasha Kolibri, nayo hufunguka kwenye kivinjari kupitia lango 8080. Maktaba itaonekana tupu. Haijaharibika, kwani masomo hayamo ndani ya kifurushi.

Video, vitabu na mazoezi hupangwa katika chaneli, na chaneli kubwa kama ya Khan Academy hufikia makumi ya gigabaiti. Kila chaneli ina namba yake ya utambulisho. `kolibri manage importchannel network`, ikifuatwa na namba hiyo, huleta orodha ya yaliyomo. `kolibri manage importcontent network`, nayo ikifuatwa na namba hiyo, huleta faili zenyewe. Vyote huhifadhiwa katika folda ya `.kolibri`, au mahali palipotajwa katika `KOLIBRI_HOME`. Diski yenye nafasi ichaguliwe mapema.

Mpango huu wa kuleta masomo kando na kifurushi unazifaa sana shule za mahali kama Nyaishozi, mkoani Kagera, ambako bando la kupakua chaneli nzima ni mzigo kwa mwalimu. Chaneli hupakuliwa mara moja penye mtandao mzuri, tuseme Bukoba, kisha hutolewa kwa `exportchannel` na `exportcontent` hadi kwenye flashi, katika folda ya `KOLIBRI_DATA`. Shuleni, neno `network` hubadilishwa kuwa `disk` na kufuatwa na namba ya chaneli, kisha njia ya flashi. Kifurushi nacho hubebeka: hupakuliwa kwa `pip download kolibri`, kisha husakinishwa kwa `pip install --no-index --find-links`. Kompyuta moja ikishapata masomo, nyingine huyavuta kwake kupitia mtandao wa ndani.

Anayeandaa flashi abebe orodha pamoja na faili. Orodha peke yake haifungui somo hata moja. Na mwenye nafasi ndogo aanze na chaneli ya African Storybook, ambayo hadithi zake ni faili ndogo na nyingi zipo kwa Kiswahili.