Ziara ya Butiama

Msomaji, ikiwa wakaa Munyaka, mtaa ule wa Eldoret ambao jina lake kwa Kikuyu maana yake ni bahati, basi bahati moja unayo bila kuijua. Waweza kuondoka nyumbani alfajiri, na kabla ya giza kuingia ukawa umesimama mbele ya kaburi la mwalimu wa shule aliyepata kuwa mkuu wa nchi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba historia hukaa mbali, katika miji ya ng'ambo, nasi kazi yetu ni kuisoma vitabuni tu.

Njia yenyewe ni hii. Utashuka kwa Kapsabet hadi Kisumu, na baridi ya Uasin Gishu utaiacha nyuma pamoja na koti lako. Kutoka Kisumu utapita Ahero na Kisii mpaka Migori, kisha utafika mpakani, Isebania upande wa Kenya na Sirari upande wa Tanzania. Hapo tega sikio. Lugha ni ile ile uliyoondoka nayo, lakini utaona kwamba kila mtu mzima huamkiwa kwa shikamoo, na asiyeamkia huonekana hana malezi. Ukisha kupita Tarime na kuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hauko mbali tena na Butiama.

Usitazamie jumba la fahari. Butiama ni kijiji chenye mawe makubwa ya asili, yaliyorundikana kana kwamba yalipangwa na mikono ya majitu. Mahali paitwapo Mwitongo ndipo ulipokuwa mji wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Kambarage, mwezi wa Aprili mwaka 1922. Karibu na hapo yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999. Ndani yake utaona picha, zawadi alizopewa na wageni, na vitu vyake vya kila siku. Pitia vyote, lakini usikawie mno penye zawadi. Zawadi za marais hufanana dunia nzima. Ingia uwanjani, ulisogelee kaburi lake, uvue kofia, nami nikueleze ni nani alalaye hapo.

Kambarage alianza shule akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, Musoma, mwendo wa yapata kilometa 40 kutoka nyumbani, naye alikaa huko kama mwanafunzi wa bweni. Toka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, ambako alifundishwa kazi ya ualimu. Akafundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952, akafundisha tena katika shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha TANU, na mwaka uliofuata ikambidi achague: ama chaki, ama siasa. Akaiacha chaki. Jina la Mwalimu halikumwacha. Watu waliendelea kumwita hivyo alipokuwa Waziri Mkuu, alipokuwa Rais, na hata baada ya kustaafu mwaka 1985.

Usidhani kwamba jina hilo lilikuwa pambo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga amri ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawakemea kama mkuu wa shule awakemeavyo watoro. Akatangaza papo hapo kwamba naye apunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi wale, mamia yao, wakarudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kuendelea na masomo baadaye. Je, alitenda haki? Lifikirini swali hili darasani. Mimi naona kwamba kupunguza mshahara wake kulikuwa haki, na kuwafukuza wote kulikuwa hasira.

Sasa niruhusu nikutoe Butiama kidogo, nikupeleke Ufini, nchi ya kaskazini ya Ulaya iliyo kati ya Uswidi na Urusi. Katika mji wa Helsinki, mbele ya Benki Kuu, ipo sanamu ya Johan Vilhelm Snellman, aliyeishi kutoka mwaka 1806 hadi 1881. Huyu naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1843 alishika uongozi wa shule katika mji mdogo wa Kuopio, na kutoka huko akahariri gazeti lililowaudhi wakubwa hata likapigwa marufuku. Neno alilolishikilia lilikuwa moja: taifa haliwezi kusimama ikiwa wasomi wake wasema lugha moja na wakulima wake lugha nyingine. Wakati ule wenye elimu wa Ufini walisema Kiswidi, na Kifini kilihesabiwa kuwa lugha ya shambani. Ajabu ni kwamba Snellman mwenyewe aliyaandika hayo yote kwa Kiswidi! Alipoingia serikalini mwaka 1863, mtawala wa nchi, ambaye alikuwa mfalme wa Urusi, alitia sahihi amri kwamba katika muda wa miaka ishirini Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika ofisi na mahakama. Leo Wafini husoma kwa lugha yao tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu.

Chini ya sanamu ile utaona mawe yaliyochubuka. Ndege za Kisovieti zilipoupiga mji kwa mabomu mwezi wa Februari 1944, vipande vya bomu vilikitoboa kitako cha sanamu, na wenyeji hawakuyaziba makovu hayo. Wageni huyagusa kwa vidole. Lakini Snellman ana kovu jingine ambalo halionekani: wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1866 hadi 1868, iliyoua watu zaidi ya laki moja, fedha za nchi zilikuwa mikononi mwake, na lawama nyingi zilimwangukia.

Rudi sasa Butiama. Kaburi la Mwalimu halina tundu la bomu, na ukilitazama waweza kudhani kwamba maisha yake yalikuwa laini kama lilivyo. Sivyo. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini kwa amri, na mahali pengi nyumba zao za zamani zilichomwa moto ili wasirudi. Hilo ni kovu. Pembeni yake liweke na hili: mwaka 1967 yapata watu wazima wawili katika kila watatu nchini Tanzania hawakujua kusoma, kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa hesabu za serikali, hawakufika mmoja katika kila watano. Walifundishwa jioni, chini ya miti na katika madarasa ya watoto wao, kwa Kiswahili.

Kiswahili ndicho kinachonifanya niwaweke watu hawa wawili pamoja. Mwalimu alikifanya kuwa lugha ya shule zote za msingi mwaka 1967. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar na The Merchant of Venice, ili kuonyesha kwamba lugha hii yaweza kubeba mzigo wowote. Hata hivyo, tume ya elimu aliyoiunda mwenyewe ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba shule za sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, pendekezo hilo halikutekelezwa, na yeye mwenyewe akatetea Kiingereza kibaki. Snellman, aliyeandika kwa lugha ya wageni, aliufungua mlango wa Kifini hadi chuo kikuu. Mwalimu, aliyeandika Kiswahili safi kuliko marais wote wa zama zake, aliufungua hadi darasa la saba, akasimama kizingitini. Wengine husema aliogopa nchi yake isije ikatengwa na dunia. Wengine husema vitabu na walimu havikuwapo. Hoja zote mbili zina uzito, lakini Wafini nao hawakuwa na vitabu walipoanza.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kuzikwa hapa, karibu na makaburi ya wazazi wake. Jua likielekea kuzama, waulize wenyeji juu yake. Watakueleza kwa Kiswahili jinsi alivyolima na jinsi alivyopenda kucheza bao, nawe utawaelewa kila neno. Kisha utarudi Munyaka, na Jumatatu asubuhi utafungua daftari lako la fizikia, lililoandikwa kwa Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza.