Rimoti ya Kwanza Nyumbani Kwetu Ilikuwa Mimi

Wasee, mkiniuliza rimoti yetu ya kwanza ilikuwa ya kampuni gani, jibu ni moja: ilikuwa mimi. Nililelewa Kathonzweni, kwenye barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu, kwa susu, yaani nyanya yangu. TV ilikuwa ile ya mgongo mkubwa. Mjomba akisema "weka habari", nainuka. "Punguza sauti", nainuka. "Hebu rudisha pale", nainuka tena na uji wangu unapoa. Ukiwa kitinda mimba, wewe ndiwe kitufe.

Ndiyo maana mtu akiniambia rimoti ililetwa na uvivu, nabishana naye. Rimoti ni habari ya nani anamwamuru nani. Angalia tu ilikotoka.

Mwaka wa 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti yenye waya mrefu hadi kwenye TV. Waliiita Lazy Bones, jina la kumtania mvivu, na watu walikuwa wakijikwaa kwenye waya wake. Lakini mkuu wa Zenith, Eugene McDonald, alikuwa na kisa chake: alichukia matangazo ya biashara. Alitaka mtazamaji aweze kuyanyamazisha akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mwaka wa 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatengeneza Flash-Matic, kama tochi ya kulenga kona nne za TV. Shida ni kwamba jua nalo lilipopiga pale, TV ilitii jua. Mwaka wa 1956 Robert Adler akaja na Space Command: nyundo ndogo inagonga vijiti vya alumini, vinatoa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, na haikuhitaji betri. Hiyo nayo, ukichezesha funguo au sarafu karibu, TV ingeweza kudhani imepewa amri.

Suluhisho lililodumu lilikuwa limegunduliwa zamani. Mwaka wa 1800 huko Uingereza, William Herschel alipasua mwanga wa jua kwa prizimu akapima joto la kila rangi. Alipoweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, joto likapanda zaidi. Huo ndio mwanga wa infraredi. Kufikia miaka ya 1980, karibu kila rimoti mpya ilikuwa inautumia. Macho yako hayauoni, lakini kamera nyingi za simu zinauona. Elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza, utaona kataa kanamemeta.

Kule kumemeta ni lugha kabisa. Mtindo mmoja uliosambaa sana ni wa kampuni ya NEC ya Japani. Taa inapepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, ili TV isiichanganye na jua au balbu. Inaanza na mwanga wa milisekunde 9, kama mtu anayepiga hodi, halafu kimya cha milisekunde 4.5. Kisha zinakuja biti 32: anwani ya kifaa na kinyume chake, amri na kinyume chake, ili TV ihakikishe haijasikia vibaya. Mimweko yote ya biti ina urefu mmoja. Kinachotenganisha 0 na 1 ni urefu wa kimya kinachofuata. Manze, hiyo ilinimaliza.

Sasa turudi ushago. Mwaka wa 2015 Kenya ilipozima matangazo ya analogi, king'amuzi kikaingia sebuleni na rimoti yake. Baadaye susu akanunuliwa TV bapa yenye king'amuzi ndani, rimoti ikarudi kuwa moja. Mimi nikahamia Nairobi, nikajua nimestaafu kazi yangu ya utotoni.

Mwaka jana rimoti ile ikaanguka kwenye karai la maji. TV yenyewe ina kitufe kimoja tu, kwa nyuma, na magoti ya susu siku hizi hayataki kuinuka. Fundi akasema, "Tafuta nyingine." Tukanunua Wote moja ya kutumia kwa TV zote, tukajaribu kodi zote hadi vidole vikauma. TV kimya. Nilipompigia susu simu akaniambia ameacha kuangalia habari, eti amezichoka. Jirani ndiye aliyenipa ukweli: alichochoka nacho ni kuwaomba watoto wa watu waje wamwashie.

Hapo ndipo nikakutana na LIRC, programu ya bure ya kompyuta za Linux. Ralph Metzler aliianza miaka ya 1990, kisha Christoph Bartelmus akaiendeleza. Mwanzoni watu walikuwa wanajiundia vipokezi vya bei ya chini na kuvichomeka nyuma ya kompyuta. Mwaka wa 2010 sehemu ya kazi hiyo ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe. Kuna kiprogramu kinaitwa irrecord: unakielekezea rimoti, unabonyeza vitufe kimoja kimoja, kinaandika faili. Kingine, irsend, kinazirudisha zile amri kwa taa.

Lakini mimi nilikuwa nirekodi nini, na rimoti imekufa? Kumbe watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya faili za rimoti zao kwa miaka mingi. Nikatafuta, nikapata moja ya TV kama ya susu. Yaani mtu nisiyemjua alikaa chini, akabonyeza kila kitufe, akaacha majibu kwa ajili ya yeyote atakayepoteza yake.

Nilichukua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo kama kitambulisho, nikang'oa taa ya LED kwenye rimoti iliyokufa. Mara ya kwanza ilifika hatua moja tu. Nikaongeza transista, ikavuka sebule. Nikaweka vitufe vitatu vikubwa vya kengele ya mlango kando ya kiti cha susu: kuwasha, sauti, stesheni. Stima ikipotea na kurudi, programu inaamka yenyewe.

Sisemi kila mtu aunde hiki kitu. Simu yako ikiwa na infraredi, anza na hiyo. Ninachosema ni kwamba tuliuziwa TV na lugha yake ikabaki kwa waliotuuzia, na kipande cha plastiki kikilowa tunaambiwa basi. Lugha hiyo inaandikika. Inajifunzika Kathonzweni kama Japani. Kwa hiyo rimoti ikifa kwenu, usiitupe kabla hujatoa ile taa. Na kama yako ni nzima, irekodi leo, faili uwaachie wengine.

Usiku ule susu alibadilisha stesheni kama mara kumi, bila sababu yoyote. Hakuna aliyeinuka.