Kisanduku Alichokitia Alama Perry Watkins

Mwaka 1967 Perry Watkins alikuwa kijana wa miaka 19, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Joplin, Missouri, aliyekulia hapa Tacoma, jimbo la Washington. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto na serikali ilikuwa ikiwaita vijana jeshini kwa lazima. Katika fomu ya afya aliulizwa kama ana mwelekeo wa kuwapenda watu wa jinsia yake. Akatia alama kwenye ndiyo. Daktari wa akili alimhoji, akaandika kwamba anafaa, na mwaka uliofuata Watkins akavaa sare.

Kanuni za jeshi zilikataza watu kama yeye. Lakini mwaka 1968, alipoona wenzake wakiachishwa kwa sababu hiyo, naye akaomba aachishwe, hata akaweka sahihi kwenye maelezo ya kukiri. Wapelelezi wakafunga jalada: ushahidi hautoshi! Mimi siwezi kulisoma hilo ila kwa namna moja. Vita vilihitaji watu, na kijana mweusi aliyekwisha kupatikana hakuachiliwa hivi hivi.

Basi akabaki, akawa karani, tena karani hodari. Mkataba ulipokwisha alijiunga upya, na kila mara alisema ukweli. Alipokuwa Ujerumani alipanda jukwaani kwenye sherehe za kambi, amevaa gauni, kwa jina la Simone, na wakubwa wake walitoa ruhusa. Mwaka 1975, akiwa Korea Kusini, aliitwa mbele ya baraza la maofisa lililotakiwa kuamua kama aachishwe. Kamanda wake aliisifu kazi yake. Baraza likaamua kwa kauli moja abaki.

Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wangu wengi ni askari wastaafu wa kambi ya Fort Lewis, jirani na mji wetu. Nimewasikia baadhi yao wakirudia hoja ya zamani, kwamba askari wa aina hii huvunja umoja wa kikosi. Mzee mmoja aliyepigana Vietnam aliwakatiza. Akasema kikosini kwao walijuana vizuri, na usiku walichotaka kujua ni kama aliye zamu yuko macho. Maisha ya Watkins yanamuunga mkono. Miaka yote ile hakuficha kitu, na vikosi vyake havikusambaratika.

Mambo yaligeuka mwaka 1981, kanuni mpya ilipowaondolea makamanda hiari: mwanajeshi akijulikana, lazima aondoke. Jeshi likamgeukia mtu lililomjua tangu fomu ya kwanza. Watkins alikwenda mahakamani Seattle, na mwaka 1982 jaji Barbara Rothstein akaamuru aruhusiwe kujiunga tena. Mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo, na mwaka 1984 akatolewa, akiwa amebakiza miaka michache tu kufikia pensheni.

Hakukata tamaa. Mwaka 1988 majaji wa rufaa walisema katazo lenyewe linavunja haki ya usawa mbele ya sheria. Mwaka uliofuata jopo kubwa la mahakama hiyo hiyo lilimpa ushindi kwa sababu nyembamba zaidi: si haki jeshi kumpokea mtu kwa kujua, kumtumia miaka mingi, kisha kumfukuza kwa jambo lile lile. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa ya jeshi. Watkins akalipwa malimbikizo ya mshahara, akapandishwa cheo kuwa sajini daraja la kwanza, akapata pensheni yake. Alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka 47.

Ushindi ule nauheshimu, na bado unaniuma, kwa sababu ulimfaa yeye peke yake. Asiyetia alama kwenye kisanduku, kwa hofu, hakuwa na pa kuushika. Sheria ya mwaka 1993 iliwaruhusu watu kama Watkins kutumikia jeshini kwa sharti la kunyamaza, na zaidi ya wanajeshi 13,000 waliachishwa chini yake kabla haijaondolewa Septemba 2011. Sharti hilo lingemtoa Watkins siku ya kwanza, kwa kosa la kusema ukweli.