Bondia wa Manipur, sura ya Bombay

Wadau, sinema za Kihindi ukizizoea utadhani India yote ni harusi za Kipunjabi. Jimbo la Manipur, kaskazini-mashariki, je? Mwaka 2000 waasi wa kule walizipiga marufuku, eti zinameza utamaduni wao. Kumbi zikakosa picha, wenyeji wakashika kamera za video wakatengeneza zao.

Mwaka 2014 Bombay ikatoa filamu ya Mary Kom, bondia wa Manipur, wakati huo bingwa wa dunia mara 5. Kacheza nani? Priyanka Chopra, si mtu wa kule! Na kwao Mary haikuonyeshwa kumbini.

Marufuku mimi siiungi mkono. Ila jamani, hadithi yao inafaa, sura zao hazifai? Haya, nawahi kipindi.