Vipimo vya kisonono na klamidia vya koo na puru

Vipimo vya kisonono na klamidia vya koo na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hufanywa kwa sampuli iliyochukuliwa kwa kijiti cha pamba, kwa kuwa maambukizi ya sehemu hizo mara nyingi hayaoneshi dalili na kipimo cha mkojo hakiwezi kuyagundua. Usahihi wake hutazamwa kwa mambo mawili: unyeti, ambao ni uwezo wa kumtambua aliyeambukizwa, na umahususi, ambao ni uwezo wa kutomhesabu mzima kuwa mgonjwa.

Uoteshaji wa bakteria, uliotegemewa kwa miongo mingi, hukosa maambukizi mengi ya koo, ingawa bado unahitajika kwa sababu huonesha ni dawa zipi zinazoweza kukiua kimelea. Vipimo vya kukuza vinasaba vina unyeti mkubwa zaidi, lakini koo ni mahali pagumu: humo huishi bakteria wengine wa jenasi ya Neisseria, jamaa wa karibu wa kimelea cha kisonono, ambao hubadilishana nacho vinasaba, na baadhi ya vipimo vya awali viliwachanganya. Ndiyo maana mashine ya GeneXpert, inayojulikana zaidi Afrika Mashariki kwa kupima kifua kikuu, hutafuta vipande viwili tofauti vya vinasaba vya kisonono. Marekani iliidhinisha vipimo vya kwanza vya namna hii kwa koo na puru Mei 2019. Kipimo kikirudiwa mapema mno baada ya tiba, huweza kunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.